GPS ya kupimia viwanja: kuendesha modi zaidi ya moja kwa mpigo

Leo siasa tunaiweka pembeni kidogo. Kuna swali limekuwa likirudi rudi kutoka kwa vijana wanaofanya vibarua vya upimaji, na wengine wanaojifunza wenyewe kwa kuagiza vibodi vya GPS mtandaoni: hivi risiva moja inaweza kufanya kazi mbili au tatu kwa wakati mmoja? Yaani itoe masahihisho, irekodi data, na bado ikupe namba papo kwa papo? Jibu fupi ni ndiyo, nyingi zinaweza. Jibu refu ndilo lililonifanya nikae chini niandike, kwa sababu kuna modi zinazokaa pamoja vizuri, kuna zinazogombana, na kuna zile ambazo ukiziwasha pamoja mashine haikwambii kitu lakini kazi inaharibika kimya kimya.

Mimi sio mpima mwenye cheti. Nimemaliza sekondari, nimeshika fimbo ya GPS kwa wapima tofauti tofauti, na kwa kuwa napenda kujua kitu kinafanyaje kazi, huwa nasoma vitabu vya mashine usiku wakati wenzangu wameshalala. Mipaka ya kiwanja Tanzania ni kazi ya mpima anayetambulika kisheria, na ramani yake inaidhinishwa wizarani na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Kwa hiyo usisome hapa halafu kesho ukaanza kuchomeka bikoni kwa jirani.

MODI NI NINI HASA

Risiva ya GPS siku hizi sio GPS tu. Inasikiliza GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, zote kwa mpigo, na hilo lenyewe tayari ni kuendesha mambo manne kwa wakati mmoja. Galileo ilianza kutoa huduma Desemba 2016, BeiDou ya dunia nzima ikakamilika 2020. Vibodi vya zamani kama NEO-6M, ambavyo bado vipo vingi madukani, vinasikia GPS peke yake, ndo maana ukikiweka kwenye uchochoro kati ya maghorofa ya Kariakoo kinahangaika wakati simu ya mwenzako imeshapata.

Juu ya hapo ndipo zinakuja modi zenyewe. Ya kwanza ni ya kawaida, risiva inajitegemea, inakupa mahali ulipo kwa kukosea mita kadhaa. Hiyo inatosha kutafuta baa, haitoshi kupima kiwanja.

Ya pili ni RTK, na hapa ndo penye utamu. Risiva mbili zinafanya kazi pamoja. Moja inakaa haitikisiki juu ya alama inayojulikana, hiyo tunaiita besi. Nyingine inatembea juu ya fimbo, hiyo ni rova. Besi inajua iko wapi, inalinganisha na setilaiti zinavyosema, na inamrushia rova vipimo vyake kila sekunde. Rova haitegemei ujumbe wa setilaiti tu, inahesabu mawimbi yenyewe. Wimbi la L1 lina urefu wa sentimita kama 19, L2 kama 24. Ikishajua kwa uhakika kuna mawimbi mangapi mazima kati yake na kila setilaiti, skrini inaandika FIXED, sisi saiti tunasema "imefiksi". Ikiwa bado inakisia inaandika FLOAT. Ikifiksi, mashine nyingi za upimaji zinaandikiwa usahihi wa milimita 8 kwa usawa, ukiongeza milimita 1 kwa kila kilomita uliyo mbali na besi. Kwa hiyo ukiwa kilomita 10 kutoka kwenye besi, hesabu milimita 18. Bado ni kitu cha kwenye ukucha.

Ya tatu ni kurekodi data ghafi. Hapa risiva haihesabu chochote, inaandika tu kila ilichosikia kutoka kila setilaiti, kila sekunde au kila sekunde 30, kwenye memori. Hesabu unafanya baadaye kwenye kompyuta. Ukirekodi umesimama sehemu moja muda mrefu wanaita statiki. Ukirekodi unatembea halafu ukaja kuhesabu nyumbani, ni PPK, yaani ni RTK ile ile ila imechelewa.

Sasa mdau, swali la modi nyingi kwa mpigo kwa sehemu kubwa ni swali la kuunganisha hiyo ya pili na hiyo ya tatu.

REKODI HATA KAMA RTK INAKWENDA VIZURI

Hili ndilo ninalotaka ushike. Wengi wakishaona FIXED wanaona kurekodi ni kujaza memori bure. Sio kweli, na nitaeleza kwa kisa kimoja nilichokiona.

Tulikuwa kwenye shamba moja upande wa Mkuranga, limeuzwa vipande kwa watu tofauti, na watu wawili walikuwa wameshaanza kurushiana maneno kuhusu ukanda wenye minazi kama kumi hivi. Kila mmoja amekuja na wazee wake. Mpima tuliyekuwa naye, sitamtaja, alikuwa anatumia masahihisho ya kupitia laini ya simu. Asubuhi ikaenda safi. Mchana mtandao ukakata, na kule bondeni ndo kabisa, vijiti vya mtandao hamna. Rova ikashuka kutoka FIXED kwenda FLOAT, baadaye ikabaki peke yake. Redio ya akiba ilikuwa imeachwa ofisini. Kurekodi kulikuwa kumezimwa kwenye besi na kwenye rova pia. Zikabaki bikoni sita, na ndizo zenyewe za kwenye minazi. Tukaondoka. Wiki mbili baadaye tukarudi, nauli upya, chakula upya, na wale wazee wakati huo mmoja alishapanda mihogo kwenye ule ukanda ili aonekane ana mazao pale. Kesi ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Kama zile risiva mbili zingekuwa zinarekodi huku RTK ikiendelea, kukatika kwa mtandao kusingesimamisha kitu. Ungesimama kwenye kila bikoni dakika tano, ungeandika muda wa kuanza na kumaliza kwenye daftari, jioni ungechukua faili la besi na faili la rova ukazihesabu pamoja. Majibu ya sentimita yale yale. Setilaiti hazikuwa zimekatika, kilichokatika ni mawasiliano kati ya besi na rova.

Angalieni neno "mbili" hapo juu. Faili la rova peke yake halikusaidii kwa PPK. Lazima na besi iwe inarekodi, na muda wao upishane. Nimeshaona watu wanawasha kurekodi kwenye rova kwa mbwembwe, besi imelala.

Na kuhusu kuandika muda kwenye daftari, usidharau. Programu nyingi za kwenye kidude cha mkononi zinagoma kuhifadhi pointi kama haijafiksi. Kwa hiyo faili litakuwa na data, ila hakuna palipoandikwa "hapa ndipo bikoni namba 14". Muda wako wa daftarini ndio utakaokuambia. Ila jua kwamba faili linaandika muda wa GPS, ambao unafuatana na ule wa dunia, sio wa Dar. Saa nne asubuhi ya kwetu utaikuta kama 07:00 na sekunde 18, kwa sababu saa ya GPS imetangulia sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017. Kichekesho ni kwamba GLONASS inatumia muda wa Moscow, ambao ni sawasawa na wetu wa Afrika Mashariki. Warusi na sisi tunakula chakula cha mchana saa moja!

BESI NDIYO INAYOBEBA MZIGO

Rova nzuri kwenye besi mbovu ni bure kabisa. Na besi ndiyo inayofaa zaidi kuendeshwa modi nyingi, kwa sababu imesimama, haina haraka, na mara nyingi ina betri kubwa.

Besi iliyopangwa vizuri inaweza kufanya haya kwa pamoja: inarusha masahihisho kwa redio ya UHF kwa walio karibu, inayapeleka pia kwenye intaneti kwa mfumo unaoitwa NTRIP kwa walio mbali, na inarekodi data ghafi kwenye memori yake. Mambo matatu, risiva moja, antena moja. Hayagombani, kwa sababu vipimo ni vile vile, vinapelekwa tu njia tatu tofauti. NTRIP ilianzia Ujerumani na ikawa kanuni ya kimataifa 2004. Kazi yake ni rahisi: kuna seva katikati, besi inapeleka, rova inachukua. Hiyo seva ya katikati inahitajika kwa sababu laini zetu za simu hazina anwani ya kudumu ambayo mtu wa nje anaweza kuipigia moja kwa moja. Bando linaloliwa ni dogo, ni megabaiti chache kwa saa, ukiangalia video moja umeshazidi.

Vituo vikubwa vya dunia vinafanya hivi hivi kila siku. Kuna mtandao wa kisayansi unaitwa IGS, na ukanda wetu umekuwa na vituo vyake, kama Malindi kule Kenya na Mbarara Uganda. Vituo vya aina hiyo vinatoa faili la sekunde 30 kwa ajili ya kumbukumbu, na vingi vinapeleka data ya kila sekunde papo kwa papo. Hakuna anayeona ajabu.

Faida ya pili ya besi kurekodi ni kubwa kuliko ya kwanza, ila haizungumzwi sana. Ni hii: besi inaweza kusema uongo na rova ikafiksi vizuri tu. FIXED maana yake rova inajua iko wapi UKILINGANISHA NA BESI. Haijui kama besi yenyewe imewekewa namba sahihi. Watu wakifika saiti hawaoni alama ya serikali karibu, wanabonyeza kile kitufe cha besi kujitafuta yenyewe kwa dakika tano. Besi inachukua wastani wa hapo, ambao unaweza kuwa umepotea mita moja au mbili, na kuanzia hapo kila bikoni unayopima imepotea mita hizo hizo, upande ule ule. Umbo la kiwanja linatoka zuri, vipimo kati ya bikoni na bikoni vinalingana na kamba. Lakini kiwanja chote kimehama. Siku mpima mwingine akija kupima cha jirani kwa kutumia alama sahihi, ramani mbili zinapandana, na hapo ndo unasikia "nimeuziwa kiwanja chenye watu wawili" wakati hakuna tapeli yeyote.

Sasa kama besi ilikuwa inarekodi siku hiyo kwa masaa kadhaa, dawa ipo. Unachukua faili lake unalituma kwenye huduma za bure za kuhesabu, kama AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada, zinakurudishia mahali halisi besi ilipokuwa kwa barua pepe. AUSPOS wanataka angalau saa moja ya data, masaa mawili ni bora zaidi. Ukishapata namba sahihi unahamisha pointi zote kwa tofauti hiyo, basi. Bila faili hilo huna njia, labda urudi saiti.

Tahadhari kidogo hapo. Majibu yanakuja kwenye mfumo wa kisasa wa dunia, ITRF. Ramani zetu nyingi za zamani Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa kwenye Arc 1960. Tofauti ya mifumo hiyo miwili kwa hapa kwetu ni karibu mita 300. Sio sentimita, MITA. Hilo ni somo la siku nyingine, ila usije ukachanganya ukasema mtandao umekudanganya.

Na kwa wanaotuma mafaili kutoka intaneti kafe: usitume faili la kila sekunde kama lilivyo. Masaa manne ya kurekodi kila sekunde ni vipimo 14,400. Ukilipunguza liwe la kila sekunde 30 vinabaki 480, na AUSPOS wao wanatumia sekunde 30 vyovyote vile. Linapanda chap, hulipi saa nzima ya kafe kusubiri mstari ujae. Ila lile la sekunde moja usilifute, ndilo la PPK.

ZINAPOGOMBANA

Hapa ndipo nilipochelewa kulala siku nyingi.

Ugomvi wa kwanza ni wa mlango wa kutolea data. Kwenye vibodi vidogo unakuta mlango umewekwa spidi ya 9600. Hiyo inapitisha herufi kama 960 tu kwa sekunde. Ukiuambia mlango huo utoe ujumbe wa kawaida wa mahali, utoe data ghafi, na utoe masahihisho ya makundi manne ya setilaiti, ni kama kupitisha daladala tatu kwenye kichochoro. Mashine haitoi kelele. Inadondosha vipande vya ujumbe, na wewe unakuja kuona faili lina mapengo. Ipandishe hadi 115200, hapo unapata kama herufi 11,500 kwa sekunde. Au tumia mlango wa USB kwa data ghafi, mwingine kwa masahihisho. Kila modi na mlango wake, huo ndio mpangilio unaonifurahisha.

Wa pili ni masahihisho kutoka besi mbili. Rova inapokea kwa redio na wakati huo huo inapokea kwa NTRIP, mtu anadhani mbili ni bora kuliko moja. Risiva nyingi haziwezi kutumia besi mbili kwa pamoja, zinahitaji moja kwa wakati. Ukizimwagia zote kwenye mlango mmoja, mara inasikia besi iko huku, mara iko kule, na kufiksi kunayumba. Mashine nzuri zina mpangilio wa kuchagua ipi itangulie na ipi iwe ya akiba, huo ndio unautumia. Kitu kama hicho kinatokea pia kama timu nyingine jirani wanarusha kwenye masafa yenu. Kwa hiyo kila asubuhi angalia namba ya kitambulisho ya besi inayoonekana kwenye rova, je ni yenu? (Na redio za UHF zinahitaji kibali cha TCRA, tusijifanye hatujui.)

Wa tatu, kuwa besi na rova kwa wakati mmoja. Kwa kazi ya viwanja hapana. Besi lazima isimame, rova lazima itembee, mashine moja haiwezi kuwa mtu aliyekaa na aliyesimama. Kuna kitu kinaitwa besi inayotembea, kinatumika kwenye boti na matrekta, antena mbili zinafungwa pamoja ili kujua chombo kimeelekea wapi. Ile inatoa mwelekeo na umbali kati ya antena mbili, haikupi mpaka wa kiwanja.

Wa nne ndio mbaya kuliko yote, na nimeona hata wazoefu wananyamaza ukiwauliza. Risiva mpya zina modi ya kuinamisha fimbo. Ndani kuna kihisi kinachojua fimbo imelala kiasi gani, kwa hiyo unaweza kupima kona ya ukuta bila kusimamisha fimbo wima. Kwenye RTK inafanya kazi vizuri. Lakini faili la data ghafi linaandika alichosikia antena, basi. Halijui fimbo ililala. Ukija kufanya PPK kutoka faili hilo, utapata mahali kichwa cha fimbo kilipokuwa, sio ncha ya chini. Fimbo ya mita 2 ukiilaza nyuzi 30, kichwa na ncha vinapishana MITA MOJA kwa usawa. Mita moja kwenye kiwanja cha mjini ni ukuta, ni choo, ni kesi ya baraza la kata. Kwa hiyo kama unarekodi ili faili likuokoe baadaye, simamisha fimbo wima, povu likae katikati, hata kama mashine inakuruhusu kuilaza.

Betri sirefushi. Redio ikirusha inakula moto, kurekodi kunakula kidogo sana. Kama lazima uzime kimoja, zima redio ukimaliza, kurekodi acha.

FAILI LINALOONEKANA ZIMA KUMBE HALIFAI

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu limewaumiza jamaa wengi wanaojifunza wenyewe. Unawasha kurekodi, unaona faili linakua, unafurahi. Nyumbani unalifungua unakuta mistari inayoanza na $GPGGA au $GNGGA. Hiyo ni NMEA. Ni majibu yaliyokwisha kuhesabiwa, sio data ghafi. Huwezi kuipeleka PPK, ni kama mtu amekupa ugali halafu unataka akurudishie unga. Unachotaka ni faili ghafi la kampuni husika, au RINEX, ambayo ni lugha ya pamoja ya mashine zote.

NMEA ina kazi yake lakini. Kwenye mstari wa GGA kuna namba moja inayosema hali ya kipimo: 1 ni mashine ikijitegemea, 2 ni masahihisho ya kawaida, 4 ni RTK iliyofiksi, 5 ni floti. Ukirekodi NMEA pamoja na data ghafi, baadaye unaweza kuona dakika ngapi rova ilikuwa kwenye 4 na ilidondoka saa ngapi. Mimi narekodi zote mbili ikiwezekana.

Kubadilisha mafaili na kuhesabu PPK kuna programu ya bure, RTKLIB, ya Mjapani Tomoji Takasu. Sura yake imepitwa na wakati kiaina, lakini inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kafe iliyochoka. Ndani yake kuna kijiprogramu kinachochukua data kutoka risiva moja na kuigawa: kwenda kwenye faili, kwenda NTRIP, kwenda kwa kompyuta nyingine, kwa pamoja. Kwa mtu mwenye kibodi na kompyuta chakavu, hapo ndo modi nyingi zinapatikana kwa bei poa.

JUA LIKIZAMA

Sisi tuko karibu na ikweta, na anga la juu kwetu lina tabia yake. Baada ya jua kuzama, kuanzia kama saa moja jioni kuelekea usiku wa manane, mawimbi ya setilaiti yanaweza kucheza cheza, hasa miezi ya karibu na Machi na Septemba. Rova inafiksi, inadondoka, inafiksi. Na jua likichafuka huko lenyewe, hata mchana sio salama: Mei 2024 kulikuwa na dhoruba kubwa ya jua, wakulima Marekani waliokuwa wanapanda kwa matrekta ya RTK wakalazimika kusimama. Kurekodi hakuondoi tatizo hilo, lakini ukiwa na faili unaweza kuzitupa dakika mbovu, ukazitoa na setilaiti zilizoyumba, ukabakiza nzuri. RTK ya papo kwa papo haikupi nafasi hiyo.

SIMU NA VIDUDE VYA ZAMANI

Kwa wasio na risiva ya upimaji. Simu za Android kuanzia toleo la 7 la mwaka 2016 zinaweza kutoa data ghafi kama chipu inaruhusu, na Google wana programu ya GnssLogger ya kuirekodi huku ramani ikiendelea. Tatizo, simu inazima GPS vipande vipande ili kuokoa betri, na kila ikizima hesabu ya mawimbi inakatika. Yaani modi ya kuokoa betri inaiua modi ya kurekodi bila kukuaga. Kuanzia Android 9 kuna kitufe kwenye mipangilio ya watengenezaji cha kulazimisha GPS isizimwe. Ukikiwasha chaji inaenda haraka, ila data inakuwa haikatiki. Usitarajie upime kiwanja, lakini kujifunzia inatosha sana.

Kwenye Garmin za mkononi za zamani ugomvi ulikuwa wa aina hiyo hiyo. Ukiwasha kuokoa betri, WAAS inajizima. Kwa kweli kwetu ilikuwa haina hasara, maana WAAS ilijengwa kwa Amerika Kaskazini na EGNOS ya Ulaya kwa Ulaya. Jamaa wakiwasha WAAS wakiwa Morogoro wanakula betri tu. Ila modi moja kwenye vile vidude iogopeni, ile ya maonyesho ambapo GPS imezimwa. Inakuonyesha namba nzuri kabisa, hazihusiani na ulipo.

WAZO LANGU KUHUSU MAPAA YA KAFE

Nimalizie na hili maana limekuwa likinizunguka kichwani. Besi inayofanya modi zote inahitaji vitu vitatu: umeme, intaneti, na anga wazi. Intaneti kafe ina viwili vya kwanza, na juu ya paa lake kuna cha tatu. Kibodi cha masafa mawili kama ZED-F9P, antena iliyofungwa imara kwenye bomba la chuma (sio kwenye bati, bati linacheza na joto na linarudisha mawimbi), na kompyuta ndogo. Kinarekodi usiku na mchana, kinapeleka NTRIP kwenye seva ya bure kama RTK2go. Ufaransa kuna mtandao unaitwa Centipede ambao umejengwa hivyo hivyo, watu na taasisi wanaweka besi zao kwenye mapaa na kugawana.

Siku moja ya kurekodi ukaituma AUSPOS, tayari unajua besi yako iko wapi kwa sentimita. Mpima anayefanya kazi ndani ya kilomita 10 au 15 anaacha besi yake nyumbani, na mtandao ukimkatikia bondeni anakuja jioni kafe kuchukua faili la siku hiyo kwenye flashi. Mwenye kafe anaweza hata kuchaji kidogo. Asiwe na papara tu: akihamisha antena hata kwa sentimita tano lazima awaambie watu na atafute namba upya, na umeme ukikatika aangalie kama kurekodi kumeanza tena, maana vibodi vingi vikizimika ghafla vinasahau mpangilio kama hukuuhifadhi ndani.

Nilimwambia mwenye kafe mmoja wa mtaani kwetu, akauliza kwanza kama hiyo antena haivutii radi. Swali zuri. Waya wa kwenda ardhini na kizuizi cha radi kwenye kebo ya antena, viwekwe kabla ya kitu kingine chochote.